Hazina za Makaburi ya Kale ya Japani na Mas-ala ya Rikazi

Tuitazame kaumu iliyokuwa mbali kabisa na Bara Arabu. Kuanzia karne ya 3 hadi ya 7 miladia, wakubwa wa Japani walizikwa ndani ya vilima viitwavyo kofun. Kilima cha Daisen, mjini Sakai, kina urefu wa mita zipatazo 486! Pamoja na maiti walitia vioo vya shaba, panga, deraya na shanga za mawe. Katika kaburi la Fujinoki, ambalo jeneza lake la jiwe lilifunguliwa mwaka 1988, zilikutwa maiti mbili, taji, na viatu vya shaba iliyopakwa dhahabu. Viatu, kwa asiyekwenda popote!

Kitabu chao cha tarehe, Nihon Shoki, kinaeleza kuwa mwaka 646, zama za ukhalifa wa Sayyidna Uthman (R.A.), ilitoka amri ya kupunguza makaburi na kukataza kuzika vitu vya thamani, kwa kuwa ujenzi huo ulikuwa ukiwafukarisha watu.

Je, mwenye kuviokota vitu hivi atoe khumusi? Rikazi ni mali iliyozikwa zama za jahilia, na Mtume (S.A.W.) amewajibisha humo moja ya tano, kama walivyopokea Bukhari na Muslim kwa Abu Hurayra (R.A.). Mashafii wameihusisha na dhahabu na fedha zilizotimia nisabu, bila ya kungoja mwaka. Kwa hiyo panga za chuma hazimo. Wengine wameieneza kwa kila kilichozikwa.

Ama kufukua, Abu Daud amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alipopita kwenye kaburi la Abu Righal aliwajulisha masahaba kuwa limezikwa kijiti cha dhahabu, nao wakakitoa. Isnadi yake ina maneno, lakini wako mafakihi walioijengea hoja ya kujuzu. Imam Malik alilichukia jambo hilo.

Hata hivyo mtu asikimbilie jembe. Mashafii wameshurutisha ardhi isiyo na mwenyewe, na aliyeingia nchi ya watu kwa amani hahalalikiwi kuwachukulia mali yao kwa hila. Viza ya leo, kwa maoni yetu, ni amani hiyo. Sheria ya Japani ya mwaka 1950 inahifadhi mali za kale zilizofukiwa ardhini. Basi mwanafunzi wetu aliyeko huko akiokota hata ushanga mmoja, aupeleke kwa wahusika. Khumusi haimlazimu kwa asichokimiliki.