Leza isiyo na vioo

Leza ya kwanza, aliyoiwasha Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960, ilidai unadhifu: kijiti cha rubi kilichong'arishwa, ncha zake zikapakwa fedha ili mwanga uende na kurudi hadi upate nguvu. Leza ya nasibu haina vioo hivyo. Huishi kwa vurugu.

Mwaka 1994 Nabil Lawandy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown walichanganya rangi ya rhodamini na chembechembe za dioksidi ya titani, ileile inayozipa rangi za ukutani weupe wake. Ndani ya kimiminika hicho mwanga hupita kama mtu anayepenya soko lililofurika: hugonga chembe, hugeuka, hugonga nyingine. Njiani huchochea molekuli za rangi zitoe mwanga unaofanana nao, na kadiri unavyochelewa kutoka ndivyo unavyokua.

Kuchelewa huko ndiko kunakotawala mapigo ya mwanga yanayotoka. Chembe zikiwa chache, mwanga hutoroka upesi, na leza haiwaki mpaka imiminiwe nishati nyingi. Zikisongamana, nishati ndogo hutosha. Ikishawaka, nishati iliyolimbikizwa humalizwa kwa mkupuo, hivyo pigo linalotoka laweza kuwa fupi sana kuliko pigo la mwanga lililoichochea. Tena mapigo hayafanani. Karibu na kiwango cha kuwaka, moja hutoka hafifu, linalofuata likang'aa kupita kiasi, ingawa uchochezi ni uleule.

Mhandisi anayetaka mwale thabiti ataiona hiyo kuwa kasoro. Kwangu mimi ndiyo hazina yenyewe, kwa kuwa mwanga unaotoka umebeba habari za mpangilio wa mahali ulipopita, na saratani huvuruga mpangilio wa seli. Mwaka 2004, Randal Polson na Valy Vardeny wa Chuo Kikuu cha Utah walilowesha tishu za binadamu kwa rangi ya leza, wakazichochea. Tishu zenye saratani zilitoa mistari ya mwanga iliyotofautiana na ya tishu salama.

Huo haukuwa uchunguzi ndani ya mwili wa mgonjwa. Rangi nyingi za leza ni sumu, na jicho la mtaalamu kwenye hadubini bado ndilo tegemeo. Isitoshe, kwa kuwa kila pigo lina sura yake, hakuna jibu la kuaminika linaloweza kutolewa kwa pigo moja. Lazima mwanga ukusanywe mara nyingi, sehemu kwa sehemu, kisha utafutwe wastani wake.