Mirija iko wazi, mbona mimba haishiki?

"Dokta, picha inaonyesha mirija yangu iko wazi. Sasa tatizo ni nini?"

Swali hili huulizwa na wanawake wengi wanaotafuta mtoto bila mafanikio. Ukiwahoji, baadhi watakwambia hedhi imewatesa tangu usichana na waliambiwa wavumilie, wakizaa yatakwisha.

Maumivu hayo yanaweza kuwa dalili ya endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake. Humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Una hatua 4, na hata zile 2 za mwanzo, ambazo ni hafifu, zinaweza kuchelewesha mimba.

Mwishoni mwa kila mrija kuna nyuzi laini mfano wa vidole zinazopokea yai likitoka kwenye ovari. Kwa baadhi ya wagonjwa nyuzi hizo hushikana, au mdomo wa mrija hubana. Dawa ya kipimo cha eksirei bado hupita, ndiyo maana majibu husema "wazi". Lakini kupitisha dawa ni jambo moja, kudaka yai ni jingine. Ultrasaundi nayo mara nyingi haioni kasoro ndogo hivi.

Kinachoweza kuzionyesha ni upasuaji wa matundu madogo kwa kutumia kamera, ambapo daktari anaweza kutibu papo hapo. Utafiti wa Kanada wa mwaka 1997, uliohusisha wanawake 341 wenye ugonjwa hafifu, ulionyesha kuwa kati ya walioondolewa tishu hizo takriban 31 kwa kila 100 walipata mimba iliyovuka wiki 20. Kwa wasioondolewa walikuwa 18.

Si kila mmoja anahitaji upasuaji. Kwanza mume apimwe mbegu, nawe upimwe kama mayai yanapevuka. Vidonge vya homoni hupunguza maumivu, ila haviongezi uwezo wa kushika mimba. Dawa za "kuzibua mirija" zinazouzwa mitaani haziachanishi nyuzi zilizoshikana.

Muone daktari baada ya mwaka 1 wa kujaribu, au miezi 6 ukiwa umefikisha miaka 35. Nanyi wazazi, binti anayekosa shule kila mwezi kwa sababu ya hedhi msimwambie avumilie. Mpelekeni hospitali.