Wazazi wakija Pwani kutoka Webuye: panga pesa ya safari kabla ya kufunga begi

Kuna simu ambayo wateja wetu wengi wanaofanya kazi Mombasa huipiga nyumbani: "Mama, mwaka huu mje na Baba muione bahari." Kusema hivyo ni rahisi. Kutoka Webuye hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 850, na wazee wakishafika hawataki kukaa tu sebuleni wakiangalia televisheni. Unataka kuwapeleka Kilifi, Gede na Malindi, siku mbili tatu hivi, kisha warudi nyumbani na hadithi ya kusimulia.

Safari za aina hii haziharibiki barabarani sana. Zinaharibikia mfukoni. Siku ya pili pesa imekwisha, mtoto anachukua mkopo wa simu kimyakimya, mzee anagundua, na raha yote inaisha. Kwa hivyo tunataka tuongee kuhusu pesa: igawanywe vipi, ishikwe na nani, na wazazi wailinde vipi wakiwa mbali na kwao.

Kwanza chagua mwezi

Tarehe ikikosewa, gharama inapanda. Upande wa Bungoma mahindi hupandwa karibu Machi, palizi inafuata, na mavuno huanza karibu Agosti. Kitale wao huvuna baadaye zaidi. Mzee aliyeacha shamba katikati ya palizi atakuwa Malindi kwa mwili tu.

Kumbuka pia Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 2026 na 2028. Huo ni msimu wa tohara kwa Wabukusu, na hakuna kuka wala kukhu atakayekubali kuwa Pwani wakati wageni wanajaa bomani.

Huku Pwani nako, Mei mvua ni nyingi, na kuanzia Desemba hadi Machi joto ni kali. Webuye iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyezoea baridi ya asubuhi ya huko ataliona joto la Januari kama adhabu, hasa akiwa na presha. Ukiweka yote pamoja, Julai inafaa: palizi imekwisha, mavuno bado, na Pwani kuna upepo wa kusi. Bahari huwa na mawimbi wakati huo, kwa hivyo kama mnataka kupanda boti, ulizeni kwanza.

Mchango wa ndugu: nani anashika pesa?

Mara nyingi safari ya wazazi hugharimiwa na watoto wote. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anatuma mapema, mwingine anasema "nitatuma mwisho wa mwezi", na aliye Mombasa anajikuta amelipa kila kitu peke yake.

Chukua mfano. Ndugu watatu wanakubaliana kuweka shilingi 2,000 kila mmoja kila mwezi, Januari hadi Julai. Hiyo ni miezi saba, jumla 42,000. Mmoja wao ndiye mweka hazina, lakini pesa haikai kwenye salio lake la kila siku, kwa sababu salio la kila siku lina miguu. Anaiweka kwenye akaunti ya akiba ya simu, na kila mwezi anatuma taarifa ya salio kwenye kundi la familia. Taarifa moja fupi huzuia ugomvi mrefu.

Sasa zigawe hizo 42,000 kabla mtu yeyote hajapanda gari. Bei hizi ni za mfano, wewe weka zako:

- Nyumbani Webuye: 4,500
- Nauli ya wazazi kuja na kurudi, pamoja na chakula cha njiani: 14,000
- Mzunguko wa Pwani, usiku mbili (mafuta na maegesho 5,500, chumba cha wazazi 6,000, chakula chao 3,000, viingilio 1,000): 15,500
- Pesa ya mkononi ya Baba na Mama, 2,000 kila mmoja: 4,000
- Akiba ya dharura: 4,000

Wewe na familia yako mnajilipia chakula na malazi yenu. Hilo lisemwe mapema kwenye kundi, lisije likawa swali baadaye.

Kwa nini bajeti inaanzia Webuye

Huo mstari wa kwanza wengi huusahau. Nani atakamua ng'ombe? Nani atalala bomani? Nani atawapa kuku chakula? Kama hakuna aliyelipwa kufanya hivyo, Mama atapiga simu mara nne kwa siku, na siku ya tatu atasema anataka kurudi. Si kwamba hapendi bahari. Ana ng'ombe.

Tafuta kijana au jirani mnayemwamini, mkubaliane malipo, na mpange kumlipa kidogo kidogo: nusu wazazi wakiondoka, nusu wakirudi. Mtumie kwenye simu yake moja kwa moja. Ukimtumia mtu ampelekee mtu, hapo katikati kuna mkono mwingine.

Nauli na malazi

Wazazi wengi huchukua basi au matatu hadi Nairobi, kisha treni ya SGR hadi Mombasa. Nauli ya daraja la kawaida ya treni kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda hadi shilingi 1,500 Januari 2024. Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639#, na huhitaji nambari ya kitambulisho ya kila msafiri. Unaweza kuwakatia ukiwa Mombasa, ila waambie wabebe vitambulisho vyenyewe, si picha kwenye simu. Kituo cha treni kiko Syokimau, mbali na mabasi ya Magharibi yanaposhukisha watu katikati ya jiji, kwa hivyo tenga pesa ya teksi hapo. Wakiweza kulala Nairobi kwa ndugu usiku mmoja, afadhali. Miguu ya wazee huvimba.

Malazi ya Mombasa yanataka busara. Kwa familia nyingi za Kiluhya, baba mkwe hawezi kulala nyumba moja na mke wa mwanawe, wala mama mkwe kwa binti yake aliyeolewa. Usisubiri wafike ndipo uulize. Muulize Baba kwenye simu, kwa heshima: "Papa, mkifika mngependa kulala wapi?" Kama jibu ni chumba cha nje, basi mstari huo uingie kwenye bajeti ya mchango, siyo kwenye akiba ya dharura.

Ukitafuta chumba mtandaoni, Mombasa au Malindi, usilipe pesa yote kwa nambari ya mtu binafsi kwa sababu ya picha nzuri. Omba nambari ya till ya biashara. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama ulidhani unalipa nyumba ya wageni na jina lililotokea ni la mtu usiyemjua, acha hapo hapo. Kama una rafiki Malindi, mwombe apite aone kama nyumba yenyewe ipo.

Barabarani: Mombasa hadi Malindi

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni karibu kilomita 120. Usiifanye safari ya siku moja kwenda na kurudi. Ondokeni asubuhi kabla jua halijachoma, mvuke daraja la Nyali, mpite Mtwapa, mnywe chai Kilifi. Waonyeshe daraja la Kilifi. Lilifunguliwa 1991, na kabla yake magari yalivushwa kwa feri. Mzee atapenda kusimama hapo na kuuliza maswali.

Gede ni kituo kizuri kwa wazee kwa sababu njia ni tambarare na miti inaleta kivuli. Ni magofu ya mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, na Julai 2024 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mkifika Malindi kuna nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapo 1498, na upepo wa bure wa baharini.

Kwa upande wa malipo, hapa kuna mambo manne:

Makumbusho na hifadhi za serikali hulipiwa kupitia eCitizen. Fungua akaunti na ulipe usiku uliotangulia, ukiwa na bando na chaji. Usisimame langoni na wazee juani ukitafuta nenosiri ulilolisahau. Beba vitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni.

Mafuta, hoteli na maduka lipa kwa nambari ya till. Hakuna chenji ya kugombania, na ujumbe unaobaki ni risiti yako kwa ndugu waliochanga.

Tuktuk, madafu, viazi karai na korosho za barabarani zinataka noti ndogo. Toa pesa mara moja kwa wakala kabla hamjaondoka. Ada ya kutoa hupangwa kwa ngazi, kwa hivyo kutoa 500 mara sita kunakula zaidi ya kutoa 3,000 mara moja.

Akiba ya dharura ikae kwenye laini ya mtu mwingine, si ya dereva. Simu moja ikianguka baharini, safari isizame nayo.

Pesa ya mkononi ya wazazi

Sasa tufike kwenye zile 2,000. Watoto wengi husema: "Wao ni wageni, nitalipa kila kitu." Nia ni njema, lakini fikiria mzee aliyesomesha watoto kwa miwa na mahindi, sasa anaomba shilingi hamsini anunulie mjukuu wake ice cream. Anaomba mara moja. Mara ya pili hatasema kitu, atakaa kimya.

Mtumie Baba zake kwenye laini yake, na Mama zake kwenye laini yake. Usizichanganye, na usiulize zimetumikaje. Mama atataka leso mbili, halua ya kupeleka kwa majirani, pengine nazi za kuonyesha kina mama wa kanisani. Baba atataka kulipa chai ya kila mtu siku moja, na mwache alipe. Siku hiyo ndiyo atakayoisimulia Webuye.

Ila pesa ikiwa kwenye laini yao, lazima waweze kuitumia wenyewe. Tusidanganyane: wazazi wengi PIN yao inajulikana na mjukuu, na jirani, na saa zingine hata wakala. Anzeni mazoezi mwezi mmoja kabla ya safari:

1. Wabadilishe PIN wenyewe. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, manake huo uko kwenye kitambulisho anachompa wakala.
2. Wanunue sukari ya dukani kwa till, mara tatu nne, hadi mkono uzoee.
3. Wasimpe wakala simu ashike. Wakala anahitaji kuona kitambulisho, hahitaji PIN.
4. Wakipata ujumbe wa "umepokea pesa", waangalie salio kwanza. Ujumbe wa uongo unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Salio halidanganyi.

Tapeli hupenda msafiri

Ukiweka picha ya wazazi ufukweni na kuandika "Malindi hadi Jumapili", umewaambia watu wawili habari mbili: mwizi kwamba boma liko wazi, na tapeli kwamba familia imetengana. Huyo wa pili ataipigia ile familia iliyobaki: "Gari la ndugu yako limepata ajali, tuma pesa ya hospitali haraka." Au atampigia Baba: "Mzee, nimetuma pesa kwako kwa makosa, nirudishie."

Wekeni swali la familia, moja tu, ambalo mgeni hawezi kulijibu. Jina la ng'ombe wa kwanza wa nyumbani linatosha. Anayeomba pesa kwa haraka aulizwe hilo swali kwanza. Picha nazo zingoje mkisharudi.

Na sisi wenyewe hatutawahi kukupigia kukuuliza PIN. Anayeuliza si sisi, hata akilitaja jina lako lote.

Ukituma kwa nambari isiyo yake, usianze kubembelezana na aliyepokea. Wasiliana nasi mara moja, ujumbe wa muamala ukiwa mkononi. Kadiri unavyochelewa, ndivyo anavyopata nafasi ya kuitoa.

Kabla ya kuondoka, pitia haya

- Mlinzi wa boma amelipwa nusu ya kwanza.
- Tiketi za kurudi zimekatwa, siyo za kuja tu.
- Vitambulisho na dawa za wazazi viko kwenye begi la mkononi.
- Baba na Mama kila mmoja ana pesa yake, na PIN anayoijua peke yake.
- Akiba iko kwenye simu tofauti, na simu zote zina chaji.
- Ndugu wote wanajua pesa imegawanywaje.

Ikibaki chochote kwenye akiba mkirudi, msigawane haraka. Iacheni pale pale iwe mwanzo wa mchango wa mwaka ujao. Ukimuuliza Mama angependa kwenda wapi safari hiyo, huenda akasema Lamu.