Bei ya Kutua Wajir

Mnamo Mei 9, 2019, serikali ya Kenya iliamuru kwamba kila ndege ya abiria itokayo Mogadishu kuelekea Nairobi itue kwanza Wajir. Abiria washuke na mizigo yao, wapekuliwe, wapande tena, ndipo safari iendelee. Amri yenyewe haikuwa ngeni, kwani ilikuwa imetumika kwa miaka mingi kabla ya kuondolewa kwa muda. Iliporejeshwa iliikuta Kenya na Somalia zikivutana juu ya mpaka wa baharini, hata mnamo Februari mwaka huo Nairobi ikawa imemwita nyumbani balozi wake aliyekuwa Mogadishu. Wakubwa walijadili usalama, wakajadili na diplomasia. Mbali na wenye ndege na wafanyabiashara wa Eastleigh, ni wachache waliouliza swali ambalo mama muuza nguo wa soko la Garissa angeliuliza kabla ya mengine yote: hiyo gharama ya kutua, nani anailipa?

Huenda msomaji akashangaa mwanaisimu ana haja gani na hesabu za viwanja vya ndege. Haja yangu ilianza na maneno. Kiswahili kina neno ada na kina neno ushuru, yote mawili yakiwa na asili ya Kiarabu. Ada lilikuwa na maana ya desturi au mazoea, likaja kuwa malipo anayopewa mtu kwa kazi aliyoifanya kama ilivyo desturi; ndiyo maana hadi leo twasema ada ya mtihani na ada ya kujiandikisha. Ushuru latokana na fungu la kumi, sehemu ambayo mwenye mamlaka huitwaa, upende usipende, bila kulazimika kukuonyesha alichokutendea. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Malipo ya uwanja wa ndege huitwa ada ya kutua, ada ya kuegesha, ada ya huduma kwa abiria. Yote ni ada kwa jina. Je, ni ada kwa tabia?

Tuitazame hiyo ada ya huduma kwa abiria. Baada ya nyongeza ya mwaka wa 2018, abiria wa safari za ndani alitozwa shilingi 600 na wa safari za nje dola 50 za Marekani, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye mfuko wa kukuza utalii. Mwalimu aliyepanda ndege Wilson kurudi kazini Mandera alichangia basi, kupitia nauli yake, matangazo ya kuwavutia wageni waje kuona simba. Sisemi matangazo hayo ni mabaya. Nasema tu kwamba hapo ada imevaa kanzu ya ushuru, na lugha imetusaidia kutoiona.

Na sasa turudi Wajir. Ukichukua ramani utaona kwamba kutoka Mogadishu hadi Nairobi kwa anga ni takriban kilomita 1,000, na kwamba kupitia Wajir hakuongezi hata kilomita mia moja. Kwa hiyo waliodai kwamba amri ile haikuwa na madhara makubwa, maadamu Wajir iko njiani, walikuwa na hoja ya mtu anayesafiri kwa miguu. Ndege haihesabu gharama kwa kilomita peke yake. Hula mafuta mengi zaidi inapopaa kuliko inapokuwa juu imetulia. Magurudumu yake, breki zake na sehemu nyingi za injini hukaguliwa au kubadilishwa kulingana na idadi ya mara ilizopaa na kutua. Safari moja ikikatwa vipande viwili, uchakavu wa aina hiyo huongezeka maradufu. Ongeza ada ya kutua mara ya pili. Ongeza saa ambazo rubani na wahudumu hulipwa wakisubiri upekuzi kwenye jua la Wajir, na safari nyingine ambayo ndege ile ingaliifanya siku hiyo isiifanye. Kiasi kikubwa cha gharama hiyo hakikuandikwa kwenye orodha yoyote ya bei. Hakikuingia katika hazina ya mtu yeyote. Kiliteketea tu.

Hiki ndicho kiini cha jambo ninalotaka kulisema: bei ya uwanja wa ndege haikomei kwenye kiasi kilichochapishwa. Amri ya kutua nayo ni bei. Tena ni bei mbaya kuliko ushuru, kwa sababu ushuru angalau hufika mahali fulani, ukaweza kujenga darasa.

Kisheria serikali ilikuwa na msimamo imara. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio katiba ya usafiri wa anga duniani, wasema katika Kifungu cha 10 kwamba nchi yaweza kuilazimisha ndege iingiayo itue kwenye kiwanja kilichoteuliwa kwa ajili ya forodha na ukaguzi mwingine. Kifungu cha 15, hata hivyo, chakataza kutoza malipo kwa sababu tu ya haki ya kuingia, kutoka au kupita katika nchi. Msomaji ataona ufa uliopo hapa. Nchi haiwezi kuiambia ndege, "Toa dola mia tano kwa kuingia," lakini yaweza kuiambia, "Tua mahali fulani ndipo uingie," na gharama ikawa sawa au kubwa zaidi. Waliouandika mkataba huo walikuwa makini juu ya pesa, wakasahau muda.

Nakiri kwamba usalama si mchezo, na eneo hili lina makaburi ya kulithibitisha hilo. Swali langu ni la ufanisi. Kama upekuzi wa Mogadishu haukuaminika, na kama mitambo ya uwanja wa Jomo Kenyatta ilikuwa bora kuliko ya Wajir, kupekua katikati ya safari kulinunua usalama kiasi gani kwa kila shilingi? Hesabu hiyo, kama iliwahi kufanywa, haikuwekwa mbele ya raia.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni hawezi kulijua. Kisomali huuita uwanja wa ndege garoon, neno linalotumika pia kwa uwanja wa kuchezea, na Kiswahili nacho kilichukua uwanja, mahali peupe palipo wazi, kikaliongezea ndege. Ni maneno yasiyo na makali. Lakini karibu na mji wa Wajir upo uwanja mwingine wa ndege, Wagalla, ambako mnamo Februari 1984 wanaume wa jamii ya Wadegodia walikusanywa na maafisa wa usalama, wakakaa juani bila maji, na mamia wakafa au kuuawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililieleza jambo hilo kwa kirefu katika ripoti yake ya 2013. Kumwambia Msomali ashuke ndegeni Wajir asimame kwenye mstari asubiri kupekuliwa kuna uzito ambao hakuna mchumi ajuaye kuutia kwenye jedwali.

Je, Wajir yenyewe ilifaidika? Hapa ndipo nadharia ya bei inapofunza kitu. Uwanja wa Wajir ni kituo cha jeshi la anga ambacho pia hupokea ndege za kiraia, na njia yake ya kurukia ingaliweza kupokea ndege nyingi kuliko zinazofika. Gharama ya kuijenga na kuitunza haibadiliki sana, zitue ndege mbili kwa siku au ishirini. Kwa hiyo gharama ya nyongeza ya ndege moja zaidi ni ndogo mno. Wachumi husema bei ifuate gharama hiyo ya nyongeza: panapojaa ndege paongezwe bei, palipo tupu pashushwe. Mfano mashuhuri ni wa New York. Mnamo 1968 halmashauri ya viwanja vya huko ilipandisha ada ya chini kabisa ya kutua kwa ndege ndogo, saa za msongamano, kutoka dola 5 hadi 25. Nyingi ya ndege hizo zilihamia saa nyingine au viwanja vingine, na njia zikafunguka bila kumwaga hata mfuko mmoja wa saruji. Sehemu nyingi za dunia, hata hivyo, bado hutoza kwa kufuata uzito wa ndege, utadhani ni soko la mbuzi.

Kwa kanuni hiyo, Wajir ingepaswa kuwa rahisi kabisa, ili mwenye ndege avutiwe kuja mwenyewe. Badala yake waliletwa kwa amri. Aliyeletwa kwa amri hafungui ofisi wala hapangi ratiba. Hutua akiitazama saa, na amri ikilegea haonekani tena.

Lakini ukishusha bei mahali penye ndege chache, mapato hayatoshi kulipa mishahara ya wazima-moto na waongozaji. Nakisi hiyo lazima ibebwe na mtu. Nchini Uskoti, viwanja vya visiwani vimewekwa chini ya kampuni moja ya umma tangu 1986, na serikali hutoa ruzuku waziwazi. Huko Marekani, serikali ilipoacha kupanga nauli na njia mnamo 1978, ilianzisha papo hapo mpango wa kulipia safari za miji midogo. Sisi tuna Halmashauri ya Viwanja vya Ndege, iliyoundwa kwa sheria ya 1991, ambayo hukusanya kwa wingi Nairobi na kutumia kote. Jomo Kenyatta ni ng'ombe wa maziwa. Wajir na wenzake ni ndama. Ni mpango wa kindugu, nami nauunga mkono, ila una kasoro moja: ndama hajui amenyonya kiasi gani, na ng'ombe hajui amekamuliwa kiasi gani.

Mwaka wa 2024 tuliona jinsi giza hilo linavyoweza kutugharimu. Kampuni ya Adani kutoka India ilipendekeza kuuendesha uwanja wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30, ikitaja uwekezaji wa dola bilioni 1.85. Mahakama Kuu ilisimamisha mpango huo Septemba, wafanyakazi wakagoma tarehe 11 mwezi uo huo, na Novemba 21 Rais William Ruto akatangaza kuufuta. Mjadala ulijaa majina ya watu na tuhuma. Sikusikia Wajir ikitajwa. Ilhali swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: ng'ombe akikodishwa, nani atawalisha ndama? La pili ni lile ambalo wachumi wawili wa Kimarekani, Averch na Johnson, waliliuliza tangu 1962. Waligundua kwamba ukimhakikishia mkiritimba faida ya asilimia fulani juu ya mtaji wake, atakuwa na kila sababu ya kuongeza mtaji hata usiohitajika, kwa kuwa kila jengo jipya humzalishia faida kisheria, na mlipaji ni abiria.

Garissa, kwa upande wake, haina kilio kikubwa. Ina uwanja, lakini barabara ya lami kutoka Nairobi, kama kilomita 370, imeufanya kuwa wa wakubwa na wa mashirika. Mwananchi hupanda basi. Mandera sivyo. Ni takriban kilomita 1,000 kwa barabara, na mnamo Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na abiria 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Tangu siku hiyo ndege haikuwa tena anasa kwa mwalimu wa Mandera. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyefundisha huko aliniambia kwamba alipokuwa akipanga bajeti ya muhula, nauli ya ndege aliiweka kabla ya kodi ya nyumba. Mtu kama huyo, ambaye hana njia nyingine aliyo tayari kuipita, ndiye ambaye nadharia baridi ya bei ingependekeza atozwe zaidi, kwa kuwa hatakimbia. Na ndiye hasa ambaye msimamizi wa bei yupo kwa ajili yake.

Bei ya petroli hutangazwa nchini tarehe 14 ya kila mwezi, na hata mtoto wa darasa la sita huweza kukwambia imepanda au imeshuka. Gharama za kila uwanja wa ndege nazo zaweza kutangazwa mara moja kwa mwaka, kiwanja kwa kiwanja: kilichoingia, kilichotoka, kilicholetwa kutoka Nairobi. Mwanafunzi wa uchumi anayetafuta mada ya tasnifu na asiende mbali. Aombe daftari la Wajir la 2019, ahesabu ndege zilizotua kwa amri, uzito wake, ada iliyotozwa na saa zilizokaa ardhini. Kisha aende Eastleigh aulize nauli ya Mogadishu ilikuwa kiasi gani Aprili, na ilikuwa kiasi gani Juni.