Kuonekana na Kueleweka kwa Vidokezo: Usanifu wa Maswali ya Programu za Kuhariri Matini kwa Watumiaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi vidokezo vya programu za kuhariri matini vinavyoweza kusanifiwa ili mtumiaji avitambue na kuvijibu ipasavyo. Kwa kutumia mifano ya GNU Emacs na programu za ofisi, yanabainisha kwamba mahali, rangi na uzito wa jibu humfanya mtumiaji alione swali, lakini katika Kiswahili usalama wa kazi yake hutegemea zaidi sarufi ya swali na maneno ya vitufe.

1.0 Utangulizi

Kidokezo, kwa matumizi ya makala haya, ni ujumbe mfupi unaomtaka mtumiaji ajibu kabla programu haijaendelea: je, mabadiliko yahifadhiwe? Je, faili jipya lichukue nafasi ya la zamani? Uzito wa maswali haya hujitokeza pale yasipoonekana au yanapoeleweka kinyume, kwa kuwa jibu moja laweza kupoteza kazi ya siku nzima. Nchini Tanzania, ambako marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kazi hiyo yaweza kuwa hukumu au mwenendo wa shauri.

2.0 Mahali, Mazoea na Uzito wa Jibu

Jicho la mwandishi hukaa pale anapoandika. GNU Emacs, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1985, huuliza maswali yake mengi katika mstari wa chini kabisa wa dirisha. Kwenye skrini kubwa, mtu anayeandika juu ya ukurasa anaweza kuendelea kubonyeza vitufe bila kujua kwamba programu inasubiri jibu. Hali hii hupunguzwa kwa kuupa mstari wa swali rangi inayotofautiana na matini, au kwa kutanguliza mlio au mmweko mfupi.

Kisanduku kinachojitokeza katikati ya skrini huonekana kwa urahisi, lakini kina udhaifu wake: kikirudiarudia, hufungwa kwa mazoea kabla ya kusomwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mstari mwekundu wa mawimbi unaoashiria makosa ya tahajia. Matini ya Kiswahili inapokaguliwa kwa kamusi ya Kiingereza, karibu kila neno hupigiwa mstari, na alama hiyo haimwambii mwandishi lolote tena. Jef Raskin, katika *The Humane Interface* (2000), alieleza kwamba uthibitisho unaotolewa kila mara hugeuka sehemu ya tabia ya mtumiaji, na kwamba ni heri programu imruhusu kutendua alichokifanya.

Emacs ina njia nyingine ya kukabiliana na mazoea. Maswali mepesi hujibiwa kwa herufi moja, ilhali yale yanayoweza kuleta hasara humtaka mtumiaji aandike neno zima la kukubali au kukataa. Ugumu huo ni wa makusudi, kwani humlazimu kusita na kufikiri. Tangu toleo la 28 la mwaka 2022, mtumiaji anaweza kuchagua majibu mafupi kwa maswali yote; akifanya hivyo, anaiondoa kinga hiyo kwa hiari yake.

3.0 Mitego ya Kiisimu

Kidokezo kilichoonekana vizuri bado chaweza kupotosha. Kiswahili kina mitego mitatu inayostahili kuangaliwa.

Mtego wa kwanza ni herufi N. Katika programu za Kiingereza, herufi hiyo huwakilisha jibu la kukataa. Katika Kiswahili ni herufi ya kwanza ya *ndiyo*. Kiwango cha POSIX kimetenga mahali pa kuainisha majibu ya kukubali na kukataa kwa kila lugha, hivyo N yaweza kuwekwa kuwa ya kukubali. Hata hivyo, mtumiaji wa Afrika Mashariki huhama baina ya lugha hizi mbili katika siku moja, na kidole hufuata mazoea.

Mtego wa pili ni swali kanushi. Anayeulizwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo, sijala", kwa maana kwamba *ndiyo* huafiki kauli ya muulizaji. Hivyo swali "Hutaki kuhifadhi mabadiliko?" likifuatwa na vitufe vya *Ndiyo* na *Hapana*, msemaji wa Kiswahili atabonyeza *Ndiyo* akimaanisha asihifadhi, ilhali mfasiri aliyefuata mantiki ya Kiingereza huenda alikusudia kinyume chake.

Mtego wa tatu ni upana wa maana. Tunafuta maandishi, na pia tunafuta safari au agizo. Kitufe cha *Futa* kilichokusudiwa kusitisha amri chaweza kuchukuliwa kuwa cha kuondoa waraka. *Ghairi* ni bora zaidi, ingawa bado halisemi kinachoghairiwa ni kuhifadhi au kufunga.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kidokezo kinachofaa huwa adimu, hutokea karibu na macho ya mwandishi, na hudai jibu lenye uzito unaolingana na hasara inayoweza kutokea. Kwa Kiswahili, inapendekezwa kwamba swali liwe yakinishi, na vitufe vibebe vitenzi kamili: *Hifadhi*, *Usihifadhi*, *Endelea kuandika*. Kiambishi cha ukanushi huja mwanzoni mwa kitenzi, mahali ambapo jicho hufika kwanza. Hivyo chaguo mbili za mwanzo hazichanganyiki kirahisi. Majibu ya herufi moja yaepukwe pale ambapo kazi yaweza kupotea.

Vyombo kama BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki vinaweza kuyaingiza masharti haya katika miongozo ya ujanibishaji. Taasisi za umma nazo zinaweza kuyadai katika zabuni za programu, na kupima vidokezo kwa makarani na walimu watakaovijibu kabla ya malipo ya mwisho. Orodha ya istilahi pekee haitatosha, kwa kuwa istilahi sahihi ndani ya swali lililoundwa vibaya bado humpeleka mtumiaji kwenye jibu asilolikusudia.