Pikapu Imeinama Mbele? Soma Hii Kabla Fundi Akuuzie Spesa

Ukisimama Migori taoni asubuhi, utaona pikapu za aina mbili. Kuna ile haina mzigo, nyuma iko juu na pua inaangalia chini kama msee amepoteza doo. Halafu kuna ile imetoka Sori na magunia ya omena. Hiyo nyuma imekaa chini, taa zinaangalia mawingu.

Siku hizi kila kijana ameshika pikapu anataka ile ya kwanza isimame sawa, mbele na nyuma. Form ni kununua seti ya kusawazisha saspenshoni, fundi anapandisha mbele, unapiga picha, unapost. Hakuna noma, ndai ikikaa hivyo inapendeza. Lakini omera, kuna vitu unafaa kujua kwanza.

Mimi nilijifunza kwa njia mbaya. Nikiacha koleji nilikuwa tanboi kwa pikapu ya anko. Ni mimi nilimpea hiyo idea. Tukawekewa spesa mbele, wiki ya kwanza mtaa mzima ulitusifu. Wiki ya pili tukabeba omena usiku, magunia mpaka kwa mlango wa nyuma. Kila lori tulipatana nayo ilikuwa inatuwashia full, na sisi tunadhani ni madharau, kumbe ni taa zetu zinawachoma macho. Stelingi ilikuwa nyepesi kama ya baiskeli. Kufika kwa kona moja, anko alikata lakini gari ikaenda straight kwanza. Tukaingia kwa mahindi ya wenyewe. Hakuna mtu aliumia, ila omena ilimwagika na pikapu ikalala gereji wiki tatu bila kuingiza hata shilingi. Anko hakunigombanisha. Aliniuliza tu, "Sasa tulikuwa tunapendezea nani?"

Mbona nyuma iko juu?

Si makosa ya kiwanda. Pikapu imetengenezwa kubeba. Nyuma inaachwa juu kimakusudi ndio ukiweka mzigo ishuke, gari isimame sawa. Ukipandisha mbele ikae sawa ikiwa tupu, ukibeba lazima pua itaangalia juu. Hapo ndio taa zinapofusha watu. Na kama mzigo umepita eksoli ya nyuma, unainua mbele kabisa, tairi zinakosa uzito wa kushika barabara.

Kwa hivyo swali la kwanza si "seti gani?" Swali ni "hii gari inabeba nini siku nyingi?" Kama ni wewe na beste yako mnaenda Mbita wikendi, pandisha mbele kiasi. Kama ni miwa ya Awendo, mawe ya Macalder ama samaki, shida yako iko nyuma, si mbele. Ongezea jani moja la springi nyuma, ama weka springi za mzigo, na mbele uwachane nayo.

Pima, usikisie

Paki mahali pamenyooka. Upepo wa tairi uwe sawa, na uweke mzigo wako wa kawaida. Chukua tepu, pima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa mudguard, pande zote nne. Andika. Kama nyuma imezidi mbele kwa inchi mbili, usimalize zote mbili. Pandisha inchi moja ama moja na nusu, uachie nyuma nafasi ya kushuka. Na kama upande mmoja uko chini kuliko mwingine, hiyo ni springi imechoka. Spesa haitibu springi.

Seti ziko aina tatu

Kwanza, kukaza tosheni baa. Hilux nyingi za kabla ya Vigo, na D-Max ya kizazi cha kwanza, mbele hazina springi ya koili. Ziko na chuma kirefu kinachojisokota, na boliti ya kukaza. Fundi anakaza, mbele inapanda, hakuna kitu umenunua. Ni bei rahisi, lakini ukizidisha, gari inadunda kwa mashimo kama punda.

Pili, spesa. Hii ni ya pikapu ziko na koili, kama Vigo na zilizofuata. Ni kipande kinakaa juu ya shoki. Hapa ndio wengi huchomeka: spesa ya milimita 25 haipandishi gari milimita 25. Kwa vile shoki imeshikwa katikati ya amu, kwa tairi unapata karibu mara mbili, kama milimita 50. Msee anadhani ameongeza kidogo, kumbe amepita.

Tatu, springi na shoki mpya zimetengenezwa pamoja, kama za Old Man Emu ama Ironman kutoka Australia. Ni ghali, lakini ndio inadumu kwa barabara mbaya, juu shoki inalingana na springi. Kama unaingia Lambwe wakati wa mvua, tope jeusi likishika, hii ndio ya kuweka akiba.

Ukipita inchi mbili mbele, CV jointi na boli jointi zinakaa kwa pembe mbaya na zinaisha haraka. Na usikubali spesa mbili juu ya nyingine, wala kipande cha mbao ama tairi iliyokatwa.

Uliza fundi hizi

Uko na kifaa cha kubana springi? Koili iliyobanwa iko na nguvu ya kuua mtu. Kama anataka kuifunga na kamba, toka hapo.

Nitafanya alaimenti wapi? Ni lazima, siku hiyo hiyo. Usipofanya, tairi mpya zinalika upande mmoja.

Na valvu ya breki? Pikapu nyingi za kitambo ziko na fimbo imetoka kwa eksoli ya nyuma kwenda kwa valvu. Nyuma ikishuka, valvu inajua kuna mzigo, inapea breki za nyuma nguvu zaidi. Ukipandisha nyuma bila kuirekebisha, inadhani gari ni tupu. Umebeba tani moja, breki za nyuma zimelala. Fundi akikuangalia kama hajui unasema nini, tafuta mwingine.

Ukimaliza, rekebisha taa usiku ukiangalia ukuta, mzigo ukiwa ndani. Kaza boliti tena baada ya kilomita 500. Ambia watu wa bima umebadilisha nini, wasije kukuruka siku ya ajali. Na kumbuka, hakuna seti inaongeza uzito gari inaruhusiwa kubeba.

Anko alitoa zile spesa. Akaongeza jani moja nyuma kila upande, valvu ikarekebishwa, akarudi kwa omena. Siku hizi pikapu ikiwa tupu pua inaangalia chini, na vijana wanamcheka. Usiku akitoka Sori amejaza, hakuna lori inamwashia full.