Dunia Mgongoni mwa Kitabu

Tuko wasomaji wanne, wote wa Silver Spring na mitaa ya jirani huku Maryland, na kila mwezi tunachagua neno. Hatuchagui mwandishi, nchi wala tuzo. Kila mtu anatafuta riwaya yenye neno hilo kwenye jina lake, anaisoma, kisha Jumamosi moja tunakutana kwa chai ya tangawizi na mahamri, tunabishana hadi usiku. Mwezi uliopita zamu ya kuchagua ilimwangukia mwalimu mmoja mstaafu kutoka Tanga. Akaweka kikombe chini, akasema, “Dunia.” Tukacheka. Tulidhani ametuhurumia.

Kwa vitabu vya Kiswahili, mtu anayeishi jirani na Washington hana haki ya kulalamika. Treni ya Red Line inakushusha Union Station, unapanda kilima kwa miguu, na dakika chache baadaye uko mlangoni mwa Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyo kubwa kuliko zote duniani (neno lenyewe hilo): vitu zaidi ya milioni 170, katika lugha zipatazo 470. Tangu 1966 maktaba hiyo ina ofisi Nairobi ambayo kazi yake ni kukusanya machapisho ya Afrika Mashariki na nchi nyingine za eneo hilo. Kwa hiyo riwaya iliyochapwa Dar es Salaam au Nairobi, ambayo pengine huwezi kuipata katika duka la vitabu la mji wako wa wilaya, inaweza kuwa imelala salama Capitol Hill. Kitambulisho cha msomaji hutolewa bure kwa yeyote aliyefikisha miaka 16. Unatuma ombi, unasubiri, kitabu kinakufikia mezani. Kwenda nacho nyumbani, hilo sahau.

Nilikwama mapema, nikiwa bado nyumbani. Kwenye katalogi moja ya mtandaoni niliandika “dunia” nikaletewa riwaya, lakini ile niliyokuwa naikumbuka tangu shule haikutokea. Ilinichukua muda kugundua kosa ni langu. Mashine ilitafuta neno kama nilivyoliandika. Haikujua kwamba “duniani” ni dunia ileile iliyovishwa -ni. Nikaandika upya, na papo hapo akatokea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake.

Kati ya riwaya nne za Kiswahili tulizozisoma, hiyo ndiyo kongwe kuliko zote: Duniani Kuna Watu ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1973. Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa 1918, alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kushinda shindano la hadithi za Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka 1960. Tazama jinsi neno “watu” lilivyomganda: mara ya kwanza wa kale, mara ya pili wa duniani. Bwana Msa anadaiwa mengi na Sherlock Holmes, ila mazungumzo yake ni ya barazani Unguja kabisa, na kwa hilo tumempa pia ushindi wa riwaya iliyotuchekesha kuliko zote. Jina lenyewe tayari ni umbea. Mtu akikwambia duniani kuna watu, huulizi watu gani, unasogeza kiti.

Yenye jina refu kuliko zote ni Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, 1975: herufi 17, na ndiyo iliyotuacha kimya kuliko zote. Tumaini ni kijana wa Ukerewe, kisiwa alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe mwaka 1944. Anatapanya mali, anahangaika mjini, hatimaye anatulia na kuwa mkulima tajiri, wakati huohuo siasa ya ujamaa inapokuja kudai mashamba. Mwisho anamwua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Hakuna Mtanzania wa umri wangu anayeweza kuyasoma hayo bila kukumbuka Krismasi ya 1971, siku mkulima Said Mwamwindi alipompiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu. Miaka minne tu ilikuwa imepita riwaya ilipotoka. Mimi nilikuwa nimeisoma zamani kwa ajili ya mtihani, na kusoma kwa ajili ya mtihani ni sawa na kula kwa ajili ya daktari. Safari hii niliisoma polepole, nikajiuliza ilikuwaje kijana wa miaka 31 akathubutu.

Mwandishi anayelitumia neno hili kwa ukaidi kuliko wote ni Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari mwingine, aliyefundisha miaka mingi Bayreuth, Ujerumani. Analo mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili ipo miaka 26. Dunia Mti Mkavu ilitoka 1980, mwaka uleule wa Utengano. Jina lake ni nusu ya methali. Nusu ya pili, kiumbe usiulemee, kila msomaji anaimalizia mwenyewe kabla hajafungua jalada, nami sijui hila nyingine rahisi namna hiyo ya kumwingiza mtu kitabuni. Dunia Yao ilitoka 2006, nayo ndiyo ngumu kuliko zote nne. Hapo mwandishi ameshauaga uhalisia, na msomaji anayetaka kisa kinyooke kama barabara ya lami atapotea. Mmoja wetu, mzaliwa wa Mombasa, aliishia katikati na hakuona haya kusema.

Lakini ni yeye huyo, aliyeshindwa kuimaliza, aliyeona kitu ambacho sisi wengine hatukukiona. “Hebu yasomeni majina kwa sauti,” akatwambia. Tukayasoma. Duniani Kuna Watu ni sentensi kamili. Dunia Uwanja wa Fujo na Dunia Mti Mkavu nazo ni sentensi, ila “ni” imemezwa kama tunavyoimeza kila siku tukisema. Miaka ya sabini na themanini, dunia kwenye jalada la Kiswahili ilikuwa inasomewa mashtaka: dunia ni hivi, dunia ni vile. Ya 2006 pekee ndiyo isiyo sentensi. Dunia yao. Imekwisha kuwa mali, tena ya wengine.

Tukalinganisha na riwaya za wenzetu wa lugha nyingine, kwa haraka maana chai ilikuwa inapoa. Jules Verne, 1873: dunia inazungukwa kwa siku 80. H. G. Wells, 1898: dunia mbili zinapigana. Aldous Huxley, 1932: dunia ni mpya. Ciro Alegría wa Peru, 1941, dunia ni pana na si yetu. Huyo wa mwisho tulimpokea kama ndugu. Jina la riwaya yake lingeweza kutoka Lamu.

Hata hivyo riwaya iliyotushika muda mrefu kuliko zote haikuandikwa kwa Kiswahili, bali na mwana wa Washington mwenyewe. Edward P. Jones alizaliwa mjini humo 1950, akalelewa na mama asiyejua kusoma wala kuandika, na kabla hajafikisha miaka 18 walikuwa wamehama nyumba mara 18. Hiyo ni rekodi ambayo hata sisi wahamiaji hatujaifikia. Mwaka 2003 alitoa The Known World, yaani dunia ile inayojulikana, juu ya Henry Townsend, mtu mweusi wa Virginia aliyezaliwa mtumwa na kufa akimiliki watumwa. Ilipata tuzo ya Pulitzer 2004, na ya IMPAC ya Dublin 2005. Wilaya ya Manchester anayoisimulia haipo kwenye ramani yoyote, ingawa Virginia yenyewe tunaifikia kwa kuvuka daraja tukienda kununua samaki.

Jina la riwaya limetoka kwenye ramani. Sherifu John Skiffington ameitundika gerezani, kubwa na iliyokwisha kuwa ya njano, kwa sababu mkewe hakuitaka nyumbani. Jones anasema aliyeichonga ni Mjerumani aitwaye Hans Waldseemüller. Waldseemüller wa kweli aliitwa Martin, na ramani yake ya 1507 ndiyo ya kwanza kuandikwa neno America. Nakala pekee iliyobaki iko katika Maktaba ya Bunge, iliyoinunua kwa dola milioni 10 na kukamilisha malipo mwaka 2003, mwaka uleule wa riwaya. Ilianza kuoneshwa kwa kudumu 2007 katika jengo la Thomas Jefferson, jengo hilohilo ambamo msomaji wa Kiswahili huletewa Kezilahabi wake mezani.

Nimesimama mbele ya ramani hiyo. Ni karatasi 12 zilizounganishwa, upana wake unazidi mita mbili. Amerika ni ukanda mwembamba kushoto, kama mtu aliyechelewa kwenye picha ya harusi. Afrika nayo ni nene, na ncha yake ya kusini imelitoboa fremu kwa chini na kutokeza nje. Habari za Wareno zilikuwa bado mbichi. Vasco da Gama alikuwa ametia nanga Malindi miaka 9 tu nyuma. Mchoraji alikwisha kuandaa nafasi ya dunia aliyoijua, Afrika ikakataa kuenea. Niliwasimulia wenzangu hilo, na mwalimu wa Tanga akasema, “Inayojulikana na nani?” Kwa hilo tulikaa hadi saa tano usiku.

Nimeiacha kando riwaya ya Dinaw Mengestu, aliyezaliwa Addis Ababa, ya mwaka 2007, kwa kuwa jalada lake lina mbingu badala ya dunia. Siku neno likiwa “mbingu” itashinda bila mpinzani: muuza duka Mhabeshi karibu na Logan Circle, na rafiki zake wawili, Mkenya na Mkongo, wakishindana kutaja mapinduzi ya kijeshi ya Afrika, nani alipindua na mwaka gani.

Zamu ijayo ni yangu. Nimechagua “siri”, kwa sababu nataka Bwana Msa arudi, na Abdulla ana Siri ya Sifuri ya 1974. Niliwatangazia wenzangu pale mezani kabla hatujaondoka. Kabla yeyote hajajibu, simu ya yule wa Mombasa, iliyokuwa imelala kando ya sahani ya mahamri, ikawaka na kuuliza kwa Kiingereza tunataka nini.